Kukaza Nati Si Kutengeneza Usukani

Maneno niliyowaambia vijana waliokuwa wakimaliza mafunzo ya ufundi wa pikipiki, Korogwe

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, wazazi, wenzangu wa gereji, habari za asubuhi. Na nyinyi vijana ambao shughuli hii ni yenu, hamjambo?

Nimeombwa niseme neno juu ya kazi. Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza niseme lipi, maana ufundi ni mpana na asubuhi ni fupi. Mwishowe nimechagua sehemu moja tu ya pikipiki. Haitoi moshi, haivuji mafuta, haipigi kelele mpaka imeshachelewa, na mteja wako hatakutajia jina lake hata siku moja. Ni koni na vikombe vya usukani, yaani vile vyuma vya mviringo vinavyobana gololi katikati, pamoja na zile gololi zenyewe, vipira vidogo vya chuma vilivyofichwa ndani ya shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia.

Kabla sijaendelea, kuna kitu nataka kizunguke mikononi mwenu. Hiki hapa. Ni kikombe cha chini cha usukani wa Honda CG125, nimekitoa mwezi uliopita. Binti wa hapo mbele, kipokee. Usikitazame. Fumba macho, weka ncha ya kucha kwenye ile njia ya gololi, halafu izungushe taratibu. Umesikia? Kucha inazama, inapanda, inazama, inapanda. Mpe jirani yako naye asikie.

Pikipiki ile ni ya bwana shamba mstaafu. Amezunguka nayo mashambani tangu akiwa kijana kama nyinyi, na alipostaafu ikawa mali yake. CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako barabara ni mbaya, mzigo ni mzito na fundi yuko mbali. Ndiyo maana mnyororo wake umefunikwa wote usile vumbi, na valvu zake zinasukumwa kwa fimbo, hakuna mnyororo wa kamu wa kulegea. Injini nyingi za Kichina mnazozifungua kila siku zimetoka kwenye ukoo huo. Kwa hiyo mtu akikuletea mashine ya zamani ya namna hii, usiione chuma chakavu. Umeletewa babu wa zile unazozijua.

Mzee akaniambia hivi: "Fundi, siku hizi inanibishia. Nikienda moja kwa moja inataka kuchagua njia yake yenyewe." Anakaa juu milimani, na barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 za kona, upande huu mwamba, upande huu bonde. Akasema akishika breki akiingia kona, anasikia kitu kinagonga mikononi, tok, mara moja tu. Alikwishapita gereji mbili. Ya kwanza ilimuuzia tairi la mbele. Ya pili ilikaza nati ya usukani. Kule kugonga kukaisha kwa wiki moja, kisha pikipiki ikaanza kuyumba. Mwendo wa polepole inakwenda kushoto, anairudisha, inapitiliza kulia, anairudisha tena. Kwa mzee wa miaka yake, kwenye barabara ile, hilo ni jambo la kuogopesha.

Niliisimamisha kwenye stendi kubwa, nikaweka gogo chini ya injini hadi gurudumu la mbele likaning'inia. Nikashika shokapu mbili kwa chini, nikavuta na kusukuma. Hakuna kucheza. Fundi mwenye haraka angeishia hapo, angesema usukani mzima. Nikaenda nikaushika usukani kwa vidole viwili tu, nikauzungusha kutoka kulia kwenda kushoto polepole kama anayefungua redio ya zamani kutafuta stesheni. Ulipofika katikati, ukaketi. Sina neno jingine. Uliketi pale kama kuku anavyoketi kwenye kiota, na ili utoke ukataka nguvu kidogo.

Sasa nisikilizeni kwa nini unaketi katikati na si pengine. Pikipiki muda mwingi inakwenda mbele. Usukani unageuka kidogo sana, na tukiwa kasi haugeuki hata nyuzi chache. Maana yake gololi zile zinasimama palepale, siku hadi siku, kila moja kwenye nukta yake ileile. Gololi ni duara na kikombe kina mviringo, kwa hiyo vinagusana mahali padogo mno. Gurudumu likiingia shimoni, kipigo chote kinapanda kwenye shokapu, kinafika shingoni na kumalizikia kwenye nukta hizo. Ukishika breki ya mbele, gurudumu linasukumwa nyuma na ile fimbo ya usukani inageuka mtaimbo, inabanduabandua ndani ya shingo. Grisi inakimbia pale panapogongwa na hairudi, kwa kuwa hakuna mzunguko wa kuirudisha. Chuma kinabaki kinagonga chuma. Kikombe cha chini ndicho kinachobeba zaidi, na ndicho kinachokufa kwanza.

Vishimo mlivyovisikia kwa kucha vimechimbwa hivyo. Na shimo la chuma halizibwi kwa kukaza nati. Ukikaza unazisukuma gololi zizame zaidi kwenye mashimo yaleyale. Kugonga kunaisha, ndiyo, lakini usukani sasa umekuwa na nyumba katikati, haupendi kutoka. Dereva wa pikipiki anajiweka sawa kwa kugeuza usukani kidogo kidogo bila hata kujua. Usukani ukikataa hayo madogo, unamlazimisha afanye makubwa, ndipo anayumba.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nililitenda. Mwaka wangu wa pili gereji, kijana mmoja aliniletea pikipiki inayogonga mbele. Sikufungua. Nilikaza nati ya juu mpaka kugonga kukaisha, nikapokea pesa. Siku ya nne alirudi mkono umefungwa bandeji, amekwenda mtaroni akikwepa mbuzi, usukani haukugeuka kwa wakati. Hakunilaumu, kwa sababu hakujua. Mimi nilijua. Tangu siku hiyo sijawahi kukaza usukani unaogonga kabla ya kuuonja katikati kwa vidole viwili.

Haya, tuingie kazini. Kutoa gurudumu, madigadi, taa ya mbele na usukani mnajua, sitawapotezea muda. Neno moja tu: kabla hujachomoa waya wowote, piga picha kwa simu uone kila kebo imepita wapi. Kebo ya klachi ikirudishwa upande usio wake itauvuta usukani, nawe utafikiri umekosea kwenye koni.

Ukishatoa shokapu na ile sahani ya juu, imebaki T ya chini, kile chuma kinachoshika shokapu mbili, na fimbo yake inayopita shingoni, imeshikwa na nati yenye meno ubavuni. Hapo tandika kitambaa cheupe chini, au trei. Mkono mmoja ushikilie T kwa chini, mwingine ulegeze nati. Usiache T ianguke. Gololi za mashine hizi za zamani hazina kizimba cha kuzishika, zimemwagwa tu ndani ya kikombe, zimeshikwa na grisi, na grisi ya miaka mingi imekauka ikawa kama ugoro. Zitadondoka. Nilizipata nyingine zimejificha ndani ya shingo, nyingine mbali chini ya meza.

Zihesabu, za juu peke yake na za chini peke yake, na uandike. Msidhani juu na chini ni sawa kila mara. Honda C70, ile ndogo tuliyoizoea, ina gololi 42: 21 juu na 21 chini, za milimita 4.76. Honda CB750, ile kubwa ya silinda nne iliyotoka mwaka 1969, ina 37 tu: 18 juu na 19 chini, za milimita 6.35. Ukibadilisha moja ikaenda upande usio wake, umeharibu kazi. Lakini nawe usiamini idadi uliyoikuta kama pikipiki imepita mikono mingi, maana aliyekutangulia huenda alipoteza mbili akanyamaza. Kanuni ni hii: gololi zote zikiwa zimekaa kwenye njia, ibaki nafasi kidogo, isiyotosha kuingiza gololi nyingine nzima. Zikibanana hazizunguki, zinakwaruzana. Zikipungua, chache zinabeba mzigo wa wote.

Na gololi za zamani hazirudi. Hata ziking'aa. Najua wapo wanaoziosha kwa mafuta ya taa na kuzirudisha kwenye vikombe vipya ili kubakiza chenji kidogo. Gololi iliyoliwa ni ndogo kwa kiasi ambacho jicho halioni, ila kikombe kinakijua. Ukichanganya, zile mpya zinabeba na za zamani zinasindikiza. Badilisha seti nzima: vikombe viwili, koni mbili, gololi zote, na ile sili ya vumbi ya chini.

Kutoa vikombe ni kazi ya subira. Chuma kirefu cha mviringo, butu mwishoni, kiingie kutoka upande wa pili wa shingo hadi ncha iguse ukingo wa ndani wa kikombe. Gonga kidogo kushoto, gonga kidogo kulia, tena kushoto. Ukigonga upande mmoja tu kikombe kinakwenda mshazari na kukwaruza shingo, na shingo ikishatanuka hakuna duka linalouza shingo. Koni ya chini, ile iliyong'ang'ania kwenye fimbo, ndiyo yenye ubishi. Tindo mbili nyembamba, moja huku na moja kule, ziingie chini yake kama kabari. Ikikataa kabisa, ikate kwa grenda ubavuni ukibakiza utepe mwembamba, kisha upasue kwa tindo. Usiruhusu jiwe la grenda liguse fimbo.

Kisha osha shingo ndani. Futa. Pitisha kidole. Punje moja ya uchafu pale kikombe kinapokaa, na kikombe chako kipya kitakaa kimeinama maisha yake yote.

Usiku wa kuamkia kazi mimi huweka vikombe vipya kwenye friji, kule kwenye barafu, nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nyumbani wameshazoea kuvikuta karibu na samaki. Asubuhi fremu naiacha juani kwa muda wa saa mbili. Chuma baridi kimesinyaa, chuma cha moto kimetanuka, na tofauti hiyo ndogo inakuondolea nusu ya nyundo. Njia iliyo bora ni ya bolti ndefu yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho. Unaipitisha shingoni, washa nene kila upande, unakaza polepole na kikombe kinaingia kimenyooka. Usipokuwa nayo, chukua kikombe kile cha zamani, kigeuze juu ya kipya, ugonge hicho cha zamani. Usigonge njia ya gololi kwa chuma hata mara moja. Vivyo hivyo koni ya chini: tafuta bomba linalopita kwenye fimbo na kukaa kwenye ukingo wa ndani wa koni tu.

Na hapa nataka mnisikilize kwa masikio. Kikombe kikiwa bado kinaingia, nyundo inalia kwa sauti nzito, iliyojaa, kama unagonga mlango wa mninga. Ghafla sauti inabadilika. Inakuwa kali, inalia fremu nzima hadi nyuma kwenye kiti. Hapo kimefika. Acha. Nyundo moja zaidi ni hasara. Sauti hiyo sikuisoma mahali, nilionyeshwa na fundi wangu akiwa amesimama nyuma yangu, naye alionyeshwa na wake.

Grisi mpya paka nene kwenye kikombe, panga gololi moja moja, zitashikwa na grisi hata ukikigeuza. Pandisha T taratibu, bila kuigeuzageuza, funga nati kwa mkono.

Kurekebisha ndiko kunakotofautisha mafundi wawili waliotumia spea zilezile. Kwanza kaza nati ile ya meno mpaka usikie uzito, kisha zungusha T kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, mara tano, mara sita, ili kila kitu kikae. Legeza. Sasa kaza tena kidogo kidogo, ukivuta na kusukuma, hadi pale kucheza kunapoisha. Palepale. Usiongeze "kidogo cha usalama", maana hicho ndicho kinachochimba mashimo mapya. Kisha rudisha sahani ya juu, shokapu, na nati kubwa ya juu, halafu upime upya, kwa sababu nati ya juu ikikazwa inabana kila kitu chini yake na kipimo chako kimebadilika. Wengi wanakosea hapa. Wanapima vizuri, wanafunga nati ya juu kwa nguvu, wanaondoka. Kipimo cha mwisho: gurudumu likiwa linaning'inia, sukuma usukani kidogo tu kutoka katikati. Uanguke wenyewe hadi mwisho, kulia na kushoto sawa, bila kusita popote.

Na mwambie mteja arudi baada ya kilomita 500 hivi. Vikombe vipya vinakaa zaidi vikishapigwa na barabara, na hapo kukaza kidogo ni halali, kwa kuwa unajua kilicho ndani.

Kuna watakaowauliza kuhusu beringi za rola, zile za tepa, zenye vigogo vidogo vya chuma vilivyochongoka upande mmoja badala ya gololi. Ni nzuri. Rola inagusa kwa mstari mzima badala ya nukta, kwa hiyo haichimbi upesi. Waingereza wa Triumph walitumia gololi miaka mingi, na kwenye fremu yao ya mwaka 1971 wakahamia rola za tepa. BMW za miaka ya 1970 zinatumia rola za tepa juu na chini, milimita 28 tundu la ndani, 52 upana wa nje na 16 unene, unazinunua kwenye duka la beringi kwa namba iliyoandikwa ubavuni bila kutaja pikipiki. Lakini mashine iliyozaliwa na koni usiibadilishe kwa kubahatisha. Rola ikiwa nene kuliko koni, nati ya juu inakosa nyuzi za kutosha za kushika, na nati hiyo ikifunguka njiani sitaki hata kuieleza. Pima kwa venia kwanza, kile kipimo cha unene cha kubana. Mzee wangu nilimwekea koni, kama kiwanda kilivyokusudia. Kwa mwendo wake na kwa matunzo, zitamfikisha.

Wazazi mliopo hapa, mnapanda bodaboda kila siku. Watoto wenu wanarudi shule wameketi watatu. Nawaomba mjue kwamba seti ya koni ni ya bei nafuu kuliko tairi, na kazi yenyewe ni nusu siku. Dereva akiwaambia pikipiki iko gereji kwa ajili ya usukani, msimwone mvivu.

Nanyi vijana, mteja atawaambia, "Fundi, wewe kaza tu, nitarudi mwezi ujao." Atakuwa na haraka, hana pesa, ana abiria anamsubiri. Mwonyesheni. Msimhubirie. Mwekeni gurudumu juu, mshikeni mkono wake, mwambieni auzungushe usukani kwa vidole viwili. Mkono wake utamwambia kuliko mdomo wenu. Mzee wa Lushoto alipoonja usukani wake kabla, na kuuonja baada, hakuuliza bei mara ya pili.

Kikombe kimefika wapi? Kimefika nyuma? Vizuri, kirudisheni mbele. Mzee ameniazima pikipiki yake kwa leo, ndiyo ile nyekundu chini ya mwarobaini. Pembeni yake kuna nyingine ya aina hiyohiyo niliyoletewa jana, sijaigusa. Zote mbili nimeziinua gurudumu. Njooni wawili wawili, mshike ya jana kwanza halafu ya mzee, vidole viwili, macho mmefumba. Msiharakishane, spana nimeziacha ndani ya gari makusudi.